Mashine Iliyosahau Kwamba Imelipa

Jumatatu, 4 Machi 1991
Bi Edna Crabtree hashindi kwa bahati. Leo nina hakika. Umri miaka sabini na ushei, koti la kijivu, glasi moja ya juisi ya machungwa. Anasimama mbele ya mashine ya matunda, ile ya kamari, pale baa ya Wafumaji, anacheza robo saa, anaondoka na mkoba mzito kuliko alioingia nao. Mimi nimeilisha mashine hiyo hiyo miezi minane, tangu kiwanda cha mazulia kinipunguze kazini. Haijawahi hata kunishukuru.

Nilijibanza nyuma ya nguzo nimchunguze. Mwenye baa, Bwana Entwistle, akauliza nimepoteza nini. Nikasema kifungo. Akaanza kunisaidia kukitafuta. Nikakosa kuona lolote.

Jumatano, 6 Machi
Nguzoni tena. Bi Edna hakugeuka hata kidogo. Akasema, “We Neville, shingo itakuuma bure. Njoo usimame hapa uone vizuri.”

Nikaenda. Aibu, lakini nikaenda.

Siri yenyewe ni hii. Ukishinda kidogo, mashine inakuuliza uchukue au uongeze. Wengine wote hubonyeza haraka. Yeye anasubiri. Taa ya ndimu inawaka na kuzima. Ikizima mara ya saba, anabonyeza vitufe vya Chukua na Anza kwa pamoja. Mashine inalipa, kisha inasahau kwamba imelipa. Inauliza tena. Aliligundua hilo peke yake, msimu mzima wa baridi, bila kumwuliza mtu.

Nikamwuliza kwa nini asiikamue mpaka ikauke. Akasema ni mara tatu tu, halafu unairudishia kidogo, unamaliza juisi yako, unakwenda nyumbani. Mara tatu zinamtosha nauli ya teksi ya kwenda Burnley na kurudi. Mumewe Alfred yuko huko, kwenye nyumba ya wazee, na Jumapili hakuna basi linalovuka kilima.

Alinishika mkono. “Mara tatu, mwanangu. Niahidi.”

Nikaahidi. Nilimaanisha kabisa.

Ijumaa, 8 Machi
Mchana, baada ya pai. Bi Edna hayupo. Taa nilizihesabu sawasawa. Mara ya kwanza, ikalipa. Ya pili. Ya tatu.

Hapo nikafikiri. Ahadi ilikuwa yake na mashine yake. Mimi nina miezi minane ya kudai. Basi ya nne. Ya tano nilikuwa nimeshazoea. Kufika ya kumi na tisa trei imefurika, sarafu zinabingirika hadi miguuni mwa wacheza vishale, nao wamesimama, vishale mkononi, wananitazama.

Bwana Entwistle akachomoa waya ukutani. Nikasema labda imeharibika. Akasema naam, na mimi ndiye nitakayemweleza fundi imeharibika vipi.

Nikaeleza. Ningefanyaje? Alisimama mlangoni, na ni mpana.

Jumamosi, 9 Machi
Fundi alifika asubuhi. Akaifungua tumbo, akatoa kidude kidogo kama ukucha, akaweka kingine. Dakika kumi. Sarafu zote zimerudi kwa Bwana Entwistle, na mimi nimepigwa marufuku Wafumaji maisha yangu yote.

Nikaenda mwenyewe kwa Bi Edna, kabla hajasikia kwa wengine. Alikuwa ameshasikia. Alikuwa anamenya viazi.

“Nilikwambia mara ngapi, Neville?”

Nikasema tatu.

“Na wewe?”

Nikasema kumi na tisa. Akarudi kwenye viazi. Akachukua kingine, akasema Alfred hukaa dirishani kuanzia saa nane. Siku nyingine zote zimempotea kichwani, majina ya watoto pia, ila Jumapili anaijua. Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitupia kiazi.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya mfereji, ile ndefu. Nikamweleza mke wangu Glenys kila kitu. Hakumaliza chai yake.

Jumapili, 10 Machi
Sikulala vizuri. Asubuhi Glenys alipanda kiti, akashusha kopo lake la biskuti, akanipa nauli ya teksi, kwenda na kurudi. Alikuwa anaiweka kwa ajili ya viatu. Akavikunja vidole vyangu juu yake. “Hii si yako wala si yangu. Ni ya Bi Edna. Nenda moja kwa moja, umenisikia?”

Nikasema nimesikia. Machozi yalinilengalenga. Njia nzima nilijiambia kwamba mimi ni mtu mpya, na nilikuwa mtu mpya mpaka stesheni.

Niliingia mkahawani kujikinga na mvua tu. Kuna mashine pale pembeni, ya aina nyingine, yenye kengele badala ya ndimu. Nimekaa na chai nikiitazama. Kengele ya kushoto inasita kidogo kabla ya kusimama. Kila mara ya tano. Nadhani ya tano. Hakuna mwingine aliyeliona hilo.

Nauli hii ni Jumapili moja. Alfred ana Jumapili nyingi. Mtu mwenye moyo hawezi kumpelekea mama wa watu Jumapili moja tu, baada ya yote niliyomtendea.

Bi Edna anatoka saa nane kasorobo. Sasa ni saa sita na robo. Nafasi ipo tele. Mhudumu amenikumbusha bei ya chai mara mbili. Nimemwomba anichenjie noti zote ziwe sarafu.