Kamati ya Kuonja Bila Kumeza

Mwanzoni mwa Februari ofisi zote za kampuni, Riyadh na Jeddah, zilipokea waraka wenye mihuri mitatu. Waraka ulitangaza kwamba, baada ya tafakuri ya kina, kampuni imeingia rasmi katika Zama za Sake. Mgahawa wa Kijapani ungefunguliwa Jeddah, na humo wateja wangenywa sake, ile pombe ya mchele ya Kijapani, lakini isiyo na hata tone la kileo, mitindo minne. Ili mitindo hiyo ionjwe na kulinganishwa kitaalamu, ilikuwa imeundwa kamati ya watu saba chini ya Bwana Titus, Mkuu wa Ladha, makao makuu Riyadh.

Katika ofisi ya Jeddah waraka ulibandikwa ukutani juu ya birika la chai. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuusoma mpaka mwisho alikuwa Keziah, mwenye birika.

Keziah alikuwa Mkisii, Msabato, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye hakuwahi kuonja kilevi maishani. Alikuja Saudia kufanya kazi za nyumbani Riyadh, akazifanya miaka minne, hadi kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, akakubali ahamishie ikama, kibali chake cha ukaazi, kwenye kampuni. Sasa alikuwa na chumba mtaa wa Sharafiya, Jeddah, pamoja na wenzake watatu, na Ijumaa yake ilikuwa yake. Ikama hiyo ilikuwa inaisha mwezi wa tatu. Barua ya kupendekeza iongezwe ilikuwa mezani kwa Titus, ikisubiri, kwa maneno ya Titus mwenyewe, zamu yake katika mchakato.

Sake ilifika kwa ndege kutoka Japani ndani ya sanduku la barafu. Dismas, katibu wa kamati, Mchaga mpole wa Moshi, alimsomea Keziah maelezo yaliyotumwa na mtengenezaji, Bwana Morita.

"Ya kwanza, mchele umesuguliwa mpaka punje ikabaki nusu. Ni nyepesi, inanukia matunda. Ya pili mchele haukusuguliwa sana, ni nzito, ya kunywa na chakula. Ya tatu imekaa miaka mpaka ikawa rangi ya asali. Hizo zimeondolewa kileo na kuchemshwa, hazina neno. Ya nne ni nyeupe kama uji, mbichi, haijawahi kuwa na kileo. Iwekwe kwenye baridi na inywewe ndani ya siku kumi."

"Basi hiyo niipeleke friji," Keziah akasema.

"Ngoja kwanza, dada. Tumuulize mkuu."

Mkuu alijibu kwa simu kwamba friji, kwa mujibu wa kanuni, ni ya vinywaji. Kama vitu hivi ni vinywaji au la, hilo ndilo suala lililo mbele ya kamati, na haingefaa friji itangulie kutoa uamuzi. Kwa sasa viitwe sampuli na vikae stoo, pamoja na viti vibovu na mashine za kuchapisha. Keziah atunze ufunguo. Keziah akatia sahihi kwamba ameupokea.

Kamati ikaanza kazi kwa ari kubwa. Kikao cha kwanza kilijadili maana ya kuonja. Mjumbe akimeza, je, ameonja au amekunywa? Riyadh walikuwa na msimamo wao, Jeddah wao. Kikao cha pili kiliazimia kwamba mjumbe ataweka mdomoni, atatafakari, kisha atarudisha. Hapo likazuka suala la kinachorudishwa, na ikabidi iundwe kamati ndogo ya ndoo. Kikao cha tatu kilipitisha fomu ya maswali arobaini na moja, mojawapo likiwa: "Je, ladha hii inaakisi dira ya kampuni?" Kikao cha nne kiliandaa matokeo mapema, ili siku ya kuonja isije ikayavuruga. Mshindi alikuwa chupa ya nne. Titus aliona weupe wake unaashiria uwazi.

Siku ya kumi na tisa tangu sake ifike, Keziah alifungua stoo kuchukua viti, akasimama mlangoni.

Aliijua harufu ile kabla hajaitafutia jina. Shangazi yake alikuwa mpika pombe ya busaa mashuhuri kabla hajaokoka, na Keziah alikulia nyuma ya nyumba ile, kati ya mapipa na kimea kilichoanikwa. Alisogea. Chupa ya nne ilikuwa imevimba kifuniko, na ukiweka sikio karibu, ilikuwa inasema pole pole, kama sufuria inayotaka kuchemka.

Akampigia Titus.

"Bosi, ile chupa nyeupe imechacha."

"Kuchacha ni neno la kiufundi, Keziah. Umelitoa wapi?"

"Kwa shangazi yangu. Alikuwa anapika busaa."

"Hiyo usiiseme tena kwa laini ya kampuni."

"Sawa. Lakini imechacha. Saa hii hiyo ni pombe."

"Haiwezekani. Kamati hii imeundwa kuhakikisha hakuna kileo. Kingekuwepo, tungekuwa na taarifa."

"Si ndiyo hii ninakupa?"

"Taarifa inatoka kwa mjumbe. Wewe ni wa chai. Na hiyo barua yako ya ikama, tafadhali, tusiiletee vikwazo."

Dismas alipoitwa stoo alinusa mara moja tu. "Dada, kwetu hii ni mbege, pombe ya ndizi, ya siku ya tatu," akasema kwa sauti ya chini. "Ila mimi ni katibu. Naandika kinachosemwa kikaoni. Pua yangu haina kipengele."

Keziah akafunga mlango na kubaki ameushika ufunguo. Akaipima hali yake kama ilivyokuwa. Akiimwaga sampuli ya kamati, yeye ni mwizi. Akiiacha, yeye ndiye mwenye stoo yenye pombe Jeddah, na kwa jambo hilo hakuna askari atakayeuliza habari za vikao. Akafanya lililobaki: akamwandikia Titus ujumbe, mistari miwili kwamba chupa ya nne imekuwa pombe, akautuma na nakala kwa Dismas. Titus alijibu kwa alama ya kidole gumba.

Siku ya uonjaji mkuu, ofisini Jeddah, ilikuwa Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri. Alikuja mwenye kampuni mwenyewe, Bwana Talal, mzee wa maneno machache. Bwana Morita alikuwa amesafiri kutoka Japani na kuketi kulia kwake, mgongo umenyooka. Wajumbe wote saba walikuwepo, kila mmoja na ndoo yake. Titus alihutubia kwa dakika arobaini kuhusu safari ya ladha.

Keziah akamimina ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wajumbe waliweka mdomoni, wakatafakari, wakarudisha, wakajaza fomu. Alipofika kwenye chupa ya nne akaliweka sinia chini.

"Hii siwezi kumimina, bosi."

Titus akawatabasamia wageni. "Mhudumu wetu anaona haya mbele za watu." Akaichukua chupa mwenyewe. Alipogusa tu kifuniko, kikaruka hadi kwenye taa, na povu likashuka juu ya fomu za wajumbe watatu.

"Mnauona uhai wake," Titus akasema, akamimina.

Bwana Talal akainua kikombe. Kama amekosea, ikama imekwenda. Kama hajakosea, ufunguo uko mfukoni mwa aproni yake, na sahihi ni yake. Akamtazama yule mzee, ambaye hakuwa amemkosea mtu, akilipeleka jambo lile mdomoni kwa kuiamini kamati.

"Baba, mafi, hapana, usinywe," akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Hiyo ni pombe."

Kikombe kikasimama hewani.

"Huyu ni wa chai tu," Titus akaeleza.

Bwana Talal alimsogezea Morita kikombe. Morita akakinusa, akafumba macho, akakinusa tena, kisha akakiweka mezani kwa adabu.

"Mama huyu anasema kweli," akasema. "Nilipoituma ilikuwa tamu na haikuwa na kileo. Hii ni sake. Bado changa, lakini sake. Naomba kujua imetengenezwa na nani."

Watu wakamtazama Titus. Miaka yote ofisini, Titus hakuwahi kusikia swali la nani amefanya jambo fulani akaacha kulijibu kwa namna ile ile. Mdomo ukatangulia.

"Ilifanyika chini ya usimamizi wangu binafsi," akasema, "kuanzia mwanzo hadi mwisho."

Dismas akaandika.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kasi isiyo ya kawaida kwa kamati. Mjumbe mmoja alikumbuka kwamba uteuzi wake haukuwahi kuthibitishwa. Watatu waligundua kuwa walihudhuria kama watazamaji. Mwingine alionyesha kuwa kamati ndogo ya ndoo ni chombo huru kabisa. Dismas alieleza kwa unyenyekevu kwamba katibu hana kura. Kufikia alasiri kamati ilikuwa na mjumbe mmoja, na alikuwa akidi.

Bwana Talal alimwita mwanasheria, akaagiza wahusika wa serikali waarifiwe kabla hawajasikia kwa watu, na kilichobaki kimwagwe mbele yao. Alisoma mistari miwili ya Keziah kwenye simu ya Dismas, kisha akataka barua ya ikama iletwe. Ilipatikana kwenye mkoba wa Titus. Bwana Talal akaisaini akiwa amesimama. "Halas, yamekwisha," akasema. Akaongeza kwamba kuanzia sasa kila kitu cha mgahawa kitapita kwanza kwa yule mama, na mama huyo apewe friji.

Morita alimwomba Keziah anuse na yeye chupa tatu zilizobaki. Wakakaa pembeni na vikombe vidogo, yeye akisema Kiingereza cha kuvunja, Keziah naye cha kwake, wakaelewana vizuri sana. Ile ya rangi ya asali, Keziah alisema inamkumbusha uyoga uliokaushwa. Morita akacheka na kuandika.

Titus alikuwa korido, ameketi juu ya kiti kibovu kutoka stoo, akisubiri gari la kumpeleka kutoa maelezo. Keziah alipompelekea chai, aliipokea bila kumtazama.

"Keziah. Kweli ilikuwa inanuka?"

"Ilikuwa inanuka mpaka kwa lifti, bosi."

Akatikisa kichwa pole pole. "Mimi niliugua ile homa mwaka ule. Tangu hapo sisikii harufu. Ladha pia, hakuna. Hata hii chai yako, kila nikija Jeddah, miaka mitatu nakunywa maji ya moto. Ningemwambia nani? Cheo kilikuwa kimeshatoka."

Keziah hakujua acheke au amwonee huruma, na alipojiangalia akakuta anafanya yote mawili. Akavuta kiti kingine kibovu, akakaa.

"Ile ya kwanza," Titus akauliza, "wanayosema ina matunda. Ni tunda gani?"

"Tikiti. Na ndizi mbivu, lakini kwa mbali."

Titus akatoa kalamu, akatafuta fomu ambayo haikulowa, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe Mkuu wa Ladha, akaandika kitu kuhusu ladha.