Galeti ya Kumpokea Shangazi wa Musafiri

Jamani wa Nyangwe, leo nimeaibika mpaka kwenye meno. Ndiyo, meno. Ninawaandikia upesi kabla habari haijawafikia kwa mtumbwi, maana huko njiani itatiwa chumvi. (Na chumvi ndicho kitu pekee ambacho hakikuniponza leo.)

Mambo ya nyumbani kwetu mnayajua. Tangu wazazi watutoke, mimi ndimi baba, mimi ndimi mama, na mimi ndimi boyi wa nguo wa Bwana mmoja hapa Kasongo: kufua, kutia wanga, kupiga pasi. Shule niliiacha, wadogo wakakua. Sasa Feza, anayenifuata, amepata mchumba. Anaitwa Musafiri, fundi baiskeli, kijana mwema. Shida ni shangazi yake aliyemlea, Mama Salima wa Wamaza. Alituma neno: "Nitakuja mwenyewe Siku ya Mungu, nione kama nyumba isiyo na mama inajua kupokea mutu." Asiporidhika, hakuna ndoa. Feza hata kula alikuwa hali.

"Usiogope," nikamwambia. "Nitaoka galeti."

"Yaya," akaniita, maana kwetu kaka mkubwa ndiye yaya, "galeti ni nini?"

"Chakula cha Wazungu. Unga unasukumwa kama sahani, matunda yanakaa katikati, kingo zinakunjwa juu yake."

"Na ngano tutaitoa wapi?"

Nikacheka kama mtu mwenye siri. Tumbo la Madamu, mke wa Bwana, halipatani na ngano hata kidogo. Akiionja tu, linavimba. Kwa hiyo mpishi humwokea galeti ya unga wa muhogo, muhogo wetu huu huu! Mimi hupiga pasi karibu na dirisha la jiko, kwa hiyo kazi yote naijua kwa macho. (Shati moja la Bwana linajua pia. Liliungua.)

Basi leo Jumapili nikaanza kwa kuficha vitu vya kazi. Sikutaka Mama Salima aingie na kupokewa na soksi za Mzungu zinazoning'inia. Pasi, sabuni, kopo la wanga, vyote nikavisukumia jikoni. Nyumba ikawa safi. Nikajipongeza.

Jikoni mna giza, lakini kopo la unga nililipata bila taabu. Unga laini ajabu! Mweupe kuliko wa Madamu! Nikamsifu Feza kimoyomoyo kwa kutwanga vizuri. Nikatia mafuta ya karanga, nikatia maji, nikakanda. Mpishi hulalamika kwamba muhogo haushikamani. Wangu ulishikamana! Ulishikamana na vidole, na kijiko, na ubao. Nikaona nimezaliwa na kipaji. Kweli, vidole viligeuka buluu. Lakini vidole vya boyi wa nguo huwa vya buluu siku zote, nani huvitazama?

Nikapanga ndizi mbivu na papai, nikamwagia asali, nikaweka kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Harufu yake, jamani! Majirani wakajaa mlangoni.

Mama Salima akaingia na Musafiri. Akatazama dari. Akatazama pembe za nyumba. Akatazama kucha za Feza. Akaketi.

"Kile kinachonukia iko nini?"

"Galeti, mama."

"Feza ndiye amepika?"

"Hapana, mama. Mimi."

"Mwanaume?"

"Mwanaume, mama."

Nikaona hapo ndipo pa kumshinda. Kwetu mwenye nyumba hutangulia kuonja, wageni wajue chakula hakina sumu. Wengine hudokoa kidogo tu. Mimi nikakata pande la kujaza mdomo. (Fahari!)

Mwanzo nikasikia utamu wa ndizi. Kisha meno ya juu yakakutana na ya chini, yakakataa kuachana.

"Iko tamu?" akauliza Mama Salima.

"Mmm."

"Ndani umetia nini?"

"Mmm."

"Feza, yaya yako ni bubu?"

Nikaona heri nitabasamu. Nikatabasamu kwa midomo yote.

Mama Salima akaruka kutoka kitini. "Mungu wangu, meno! Ameonja akageuka buluu! Sumu!"

Pale mlangoni majirani walikanyagana. Mmoja akapiga kelele: "Alitaka kuua wageni, amejiua mwenyewe!" Nikatikisa kichwa kwa nguvu kukataa. Kosa! Mate ya buluu yakatiririka kidevuni mpaka kwenye shati langu jeupe la kanisani. (Shati nililolitia wanga ule ule.)

Feza akakimbilia jikoni, akarudi na makopo mawili. "Si sumu! Unga wa muhogo haukuguswa! Huu ni wanga wa nguo, anauchanganya na buluu ili mashati yang'ae. Yaya ametuokea shati!"

Mama Salima akanusa kopo. Akanitazama, akalitazama kopo tena. Wakati huo Musafiri akanyoosha mkono, akatwaa kipande na kukibugia.

"Musafiri, wacha!" shangazi akapiga kelele.

Alikuwa amechelewa. Musafiri akamgeukia Feza na kutabasamu, meno buluu kama yangu. Tukawa mashemeji hapo hapo.

Mabega ya Mama Salima yakaanza kutetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka kilemba kikaanguka. Akamwelekezea Musafiri kidole: "Wewe, kwa wanga huo tumbo lako halitakunjamana mpaka Pasaka!"

Alipopata pumzi akasema: "Nimekuja kutafuta mama katika nyumba hii. Mama hakuna. Lakini kuna mutu anayetangulia kula sumu yake mwenyewe mbele ya wageni. Mutoto tunamuchukua. Ila siku ya harusi apike mwingine. Wewe usiguse hata chumvi."

Feza amelia kwa furaha. Mimi nimesugua meno kwa majivu, kwa mkaa, kwa sabuni ya Bwana. Bado buluu. Kesho nitasimama mbele ya Madamu nikijibu "mmm" kutwa nzima.

Kwa hiyo, rafiki zangu, mkinikuta njiani juma hili, chekeni mkipenda, siwezi kuwazuia. Nawaomba jambo moja tu: msinichekeshe.