Mchanga Ndani ya Rangi

Uvumi ule ulimganda Bi Clémence kama harufu ya samaki wa moshi: eti huko Fécamp mjane mwenzake aliziba banda la kuku kwa picha ya bahari aliyoachiwa na mchoraji, akapita bwana wa Paris, akainunua kwa bei ya nyumba.

Kwa hiyo Bwana Pruvost alipoingia Étretat, kijiji cha Clémence cha pwani, na picha kwapani, kazi yake ilikuwa nusu imekwisha. Alimtazama mjane, akamtazama na ng'ombe wake. Ng'ombe huyo ndiye ambaye binti, Zélie, angeingia naye kwenye ndoa. Bila yeye, wakwe wasingemtaka.

"Rudi nyuma, mama. Kwa karibu ni matope. Kwa mbali ni bahari."

Clémence akarudi nyuma hadi akagonga ndoo. Kweli, mabaka ya kijani na waridi, yaliyopakwa kando kando bila kuchanganywa, yakaanza kuyumba. Kivuli cha jabali kilikuwa zambarau.

"Zambarau?"

"Macho yako ndiyo mavivu, mama. Sasa papasa hapa. Mchanga! Mchoraji alichora papa hapa ufuoni kwenu, upepo ukaurushia kwenye rangi mbichi. Nipe ng'ombe tumalizane."

Clémence akaenda kufungua kamba. Zélie akamfuata.

"Mama, ufuo wetu una mchanga wapi? Tangu nizaliwe naumia miguu kwa kokoto."

Clémence akafunga kamba upya, taratibu.

"Bwana, nionyeshe basi aliposimama. Nikiulizwa na watu wa Paris nisiaibike."

Pruvost akawapeleka hadi nyuma ya jabali. "Hapa!"

"Simama na picha, usitikisike. Nikakutazame kwa mbali, ulivyonifundisha."

Akasimama. Kila mtoto wa Étretat anajua kwamba maji yakijaa, huko nyuma hakuna njia. Mama na binti wakaenda zao, na maji yalipopanda wakarudi kwa mashua, bila haraka.

"Maji yana rangi gani, bwana?"

"Yamefika kiunoni!"

"Nimeuliza rangi."

"Kijani! Na waridi! Nivute!"

"Mimi naona kijivu. Zélie, wewe je?"

"Kijivu, mama."

"Kijivu!" akalia Pruvost. "Kijivu tupu!"

Nauli ilikuwa picha, saa ya mfukoni na viatu. Zélie aliolewa baada ya mavuno, ng'ombe akitangulia. Picha imeziba tundu la banda la kuku.

Basi, wenye mabinti, epukeni haya:

Mgeni anayekwambia macho yako ni mabovu.

Kufungua ng'ombe kabla ya kumsikiliza mwanao.

Kusimama tuli maji yakijaa, hata ukiombwa vipi.

Na kukaa karibu na banda kila Jumapili, umevaa nguo nzuri, ukichungulia kama kuna bwana wa Paris anapita.