Chai ya Maua na Chumba cha Mashariki

Jumamosi, tarehe 3 Agosti
Tumefika kijijini kwa mapumziko ya kiangazi. Nimegonga kichwa kwenye boriti kabla sijatua sanduku. Mimi na mke wangu Salwa tunalala tena katika chumba walimofugwa zamani viwavi wa hariri: joto la tanuri, dirisha la kumtosha paka. Kaka yangu Fayez na mkewe Nazira wana chumba cha mashariki: baraza, upepo, bonde zima chini yao. Sheria ni ya mama, mwenye miaka tisini. Kila Sikukuu ya Bikira, tarehe kumi na tano, huonja chai ya maua ya mwituni ya kila familia. Chai impendezayo hupata chumba hicho hadi mwaka unaofuata. Nazira ameshinda mara sita mfululizo. Ya saba hataiona. Nimefundisha shule miaka thelathini na minane; kuchuma maua hakuwezi kunishinda.

Jumatatu, tarehe 5 Agosti
Nimeamka alfajiri ili nimtangulie Nazira. Barabara ya chemchemi imejaa neema kingo zote mbili: maua ya khatmia ya rangi ya waridi yanayonipita kimo, majani ya zaatari yanukiayo, na yale maua ya buluu yafungukayo asubuhi na kujifunga mchana. Nikamkuta Nazira anarudi, kapu limefurika. Akaniuliza kama Ustadhi, ndivyo wanavyoniita huku kwa ajili ya ualimu wangu, amekuja kulisahihisha jua, maana limechelewa. Nilicheka kwa adabu. Moyoni sikucheka. Nimechuma kiasi cha kofia moja, nusu yake vumbi.

Jumanne, tarehe 6 Agosti
Nimepata mpango. Nazira anaogopa nyoka. Mezani nikataja, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa nimeona nyoka mweusi kwenye kona ya chemchemi, unene wa mkono wangu. Nazira akaweka kijiko chini. Akasema atachuma nyuma ya kanisa, ingawa maua ya huko ni haba. Fayez akauliza urefu. Mita mbili, nikasema. Barabara nzima sasa ni yangu. Kesho nitalala hadi saa mbili, kwa kuwa sina mshindani.

Jumatano, tarehe 7 Agosti
Nimeshuka na makapu mawili. Nikawakuta wanaume kumi na mmoja wenye mundu na majembe. Fayez alimwambia jirani yetu Abu Tanios habari za nyoka, naye Abu Tanios akakiambia kijiji. Wamefyeka kingo zote mbili, kutoka kanisani hadi chemchemi. Hakuna ua. Hakuna jani. Abu Tanios akanipiga bega, jasho likimtiririka. "Tulia, Ustadhi. Sasa hata mjusi hana pa kujificha. Shukrani ni zako." Mama amewapelekea wafyekaji sinia la tini. Aliyetumwa kulibeba ni mimi.

Jumapili, tarehe 11 Agosti
Familia nzima chemchemini. Tikiti maji ndani ya maji baridi, nyama juu ya makaa, Fayez akiimba vibaya. Nazira akazitazama kingo zilizo uchi, akasema inasikitisha. Akauliza kama nilikuwa nimechuma vya kutosha kabla ya hapo. Nikamjibu kwamba mkebe wangu umejaa. Ni kweli, umejaa. Umejaa mabua niliyookota nyuma ya wafyekaji. Baadaye Salwa alikaa naye kando, akinong'ona na kujishika kiuno. Nadhani ni habari za mgongo wake. Mambo ya wanawake. Sikusikiliza.

Jumatano, tarehe 14 Agosti
Mikebe miwili imewekwa rafuni jikoni, tayari kwa kesho. Inafanana kama mapacha. Wetu umefungwa uzi wa kijani, wa Nazira uzi mwekundu. Baada ya chakula cha mchana wote walijilaza. Nikaingia jikoni, nikabadilisha nyuzi. Dakika moja tu. Sikuhitaji kufungua vifuniko, najua kilichomo. Wala huu si wizi, kwa maana hakuna ua lililohama. Ni marekebisho.

Alhamisi, tarehe 15 Agosti
Misa, kisha chakula, kisha chai. Mama alianza na mkebe wa uzi wa kijani. Akakohoa. "Mitri, mwanangu, umechemsha ufagio?" Meza nzima ikacheka. Akaonja wa uzi mwekundu. Akafumba macho, akaomba kikombe cha pili. Ushindi wa saba.

Nazira hakufurahi. Alinivuta barazani, uso umempauka. Akasema haiwezekani. Jumatatu ya wiki hii, kwa sababu ya mgongo wa Salwa, alimwaga mabua yetu katika mkebe wake na kutia maua yake katika mkebe wetu, ili tupate chumba bila mtu kuaibika. "Shemeji, nimeyamwaga kwa mikono yangu hii. Nani amegusa mikebe?" Nikamwambia labda panya. Akaniuliza tangu lini panya wanafunga fundo.

Ijumaa, tarehe 16 Agosti
Nazira amemwambia mama kwamba Salwa atalala naye mashariki, kwenye kitanda kizuri. Mama amekubali. Asubuhi niliwaona wote wawili barazani, wakinywa chai na kulitazama bonde. Salwa anasema mgongo umepoa. Fayez amehamishiwa kwangu. Anakoroma. Nimegonga kichwa tena.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, na kosa nimeliona. Nilibadilisha nyuzi mara moja. Mwakani nitazibadilisha mara mbili.