Kengele ya Reli Chini ya Kitanda Chetu

Alhamisi, 5 Julai 1951

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Ndila amenipikia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na bado nina ladha yake mdomoni nikiandika. Ana nyusi zinazoinuka kabla hajacheka. Sijaona nyusi kama hizo Thika yote, wala Ruiru.

Tatizo ni kengele. Ni kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mti nyuma ya kiwanda cha mkonge, na nyapara Gathogo hukigonga kwa nyundo mara kumi na tatu, saa kumi na moja alfajiri. Tangu harusi nimechelewa mara mbili. Nani angetoka kwenye blanketi lile na ukungu huu wa Julai? Leo Gathogo amenikumbusha mbele ya watu kwamba mara ya tatu karani wa Ukambani, yaani mimi, atarudisha ufunguo wa nyumba. Ni chumba kimoja cha mabati, lakini ni cha wenye ndoa. Bila hicho mimi narudi bwenini kwa makapera, naye Ndila anarudi kwa mama yake Kangundo.

Nimemwambia halitatokea. Akauliza nitafanyaje. Nikasema nitafikiri. Nyusi zikainuka.

Jumamosi, 7 Julai

Nimefikiri.

Munyao, karani wa stoo, ana kijitabu kuhusu kazi na mtaji alichoachiwa na fundi wa reli aliyefukuzwa kazi Nairobi. Tunakisoma wawili nyuma ya marobota. Kinasema tajiri hanunui mkonge, ananunua saa za mtu. Basi, nikasema, anayeshika saa ndiye anayeshika mtu, na saa yetu hapa ni kile chuma. Kikiondoka, watu mia tatu watalala, kiwanda kitasimama, na mapinduzi yatakuwa yamefanyika kila mtu akiwa kitandani. Tena wote wakichelewa, hakuna aliyechelewa.

Munyao akasema huo ni utoto. Kwanza wafanyakazi waelimishwe, wajipange, wangoje hali iive. Nikamuuliza wangoje mpaka lini. Akasema labda miaka ishirini.

Munyao hana mke.

Jumapili, 8 Julai

Nilimwambia Ndila tumbo linaniuma, akaenda kanisani na wenzake. Kambi yote ilibaki tupu. Ukungu haukuondoka hata saa nne, nikauona ule mti nilipokuwa karibu kuugonga kwa kichwa.

Chuma kilikuwa baridi kuliko asubuhi yenyewe. Nilipokifungua mnyororo, kilitoa sauti ndogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema neno. Nikangoja. Hakikusema. Nikakitia kwenye toroli, nikakifunika kwa makapi ya mkonge, nikakivuta mpaka nyumbani. Mgongo umekwisha. Nimekiviringisha katika blanketi jekundu alilotupatia shangazi siku ya harusi, nikakisukuma chini ya kitanda. Nani atatafuta kengele ya tajiri chini ya maharusi?

Ndila amesema upande wake wa kitanda una baridi ya ajabu. Nimempa upande wangu. Hivyo ndivyo ninavyompenda.

Jumatatu, 9 Julai

Nimelala mpaka saa moja na nusu. Sijawahi kulala hivyo tangu nizaliwe.

Ndila hakuwepo. Nikatoka nje nikitabasamu, nione tabaka la wafanyakazi likikoroma. Milango yote ilikuwa wazi. Mioto inawaka, vikombe vya chai vimeachwa nusu, na hakuna mtu. Hata mbwa hakuna. Nikafuata njia ya kiwandani nikisikia viatu vyangu tu.

Walikuwa wamesimama kwa mistari ndani ya ukungu, wote mia tatu. Mashine zimezimwa. Hakuna aliyekohoa, na huku Julai kila mtu hukohoa. Gathogo alikuwa chini ya mti, nyundo juu, mbele yake mnyororo mtupu. Wote walikuwa wamenyoosha mkono wa kulia kunielekea, bila kugeuza vichwa.

Nilidhani mapinduzi yananisalimu. Nikainua ngumi.

Kisha nikamwona Ndila katika mstari wa wanawake. Naye alikuwa ananyoosha.

Jumanne, 10 Julai

Gathogo ameeleza yote kwa bwana meneja. Aliinua nyundo, akakuta chuma hakipo. Kabla hajaishusha akaisikia kengele ikilia, mara kumi na tatu, kama kawaida. Watu wakaja, wakasimama. Akawauliza imelia wapi, nao wakanyoosha mikono nyumbani kwangu. Wakabaki hivyo mpaka nilipofika.

Wakaja kukitoa chini ya kitanda. Blanketi lilikuwa la moto, kama lililotoka kwa mtu mwenye homa.

Ndila anasema ililia kwenye mbavu zake. Alinitikisa mara tatu, nikacheka usingizini nikamwambia leo kila mtu yuko huru.

Munyao anasema huu ni ushahidi: tajiri amekwisha kukiweka chuma ndani ya watu, na kukiondoa mtini hakusaidii kitu. Nikamuuliza yeye, msomi, aliisikia? Akakiri kwamba jana alitoka mbio na kiatu kimoja. Nikamwambia basi katika shamba hili mtu huru ni mimi peke yangu. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

Hukumu ya meneja: kwa kuwa kengele inasikika vizuri zaidi kwangu, itundikwe mlangoni pangu, niigonge mimi. Nyumba tunabaki nayo. Siku nitakayokosa, ufunguo. Gathogo alinikabidhi nyundo kwa mikono miwili na akaondoka haraka mno.

Ijumaa, 13 Julai

Siku ya tatu ya kugonga. Naamka saa kumi. Nikifungua mlango nawakuta tayari wamesimama nje, kimya, wakinisubiri. Nainua nyundo, nagonga, nao wanaondoka. Jambo moja sijamwambia mtu: mkono unatikisika mpaka begani, lakini sauti mimi siisikii.

Hata hivyo nimeona kosa lilikuwa wapi. Nadharia ilikuwa sawa. Kitanda ndicho hakikufaa. Chuma kikilala kwa mtu ambaye anaisikia kengele, lawama itamwangukia yeye, nami nitalala na mke wangu mpaka saa moja na nusu. Keshokutwa ni Jumapili, watu wote watakuwa kanisani. Toroli ninayo. Chini ya kitanda cha Munyao kule bwenini kuna nafasi nzuri sana.

Sijamwambia Ndila. Sasa hivi ni saa kumi jioni, amejilaza kidogo baada ya kazi, mzuri kama siku ile kanisani. Usingizini amenyoosha mkono wa kulia, moja kwa moja, kuelekea bwenini kwa Munyao.

Hata katika ndoto tunawaza pamoja. Nimeubusu ule mkono. Una baridi kidogo.