Monita ya Hezi Mia Mbili na Arobaini

Jumatatu, 4 Machi
Nimedharauliwa tena. Shemeji, mdogo wake mke wangu, kanishinda mbio za magari kwenye kompyuta, tena huku anatafuna karanga. Karanga! Analala kwangu, anakula kwangu, na sasa kachoka kuweka kompyuta yake juu ya stuli, anaitaka meza yangu ya dirishani. Tumekubaliana: Jumamosi tushindane. Atakayeshindwa ahamie stoo na mashine yake. Mke wangu kasema sawa, mradi kelele ziishe.
Tatizo si mimi. Tatizo ni monita.

Jumanne, 5 Machi
Dukani. Fundi kaniuliza kompyuta yangu ina kadi gani ya picha. Nikamtajia. Akatabasamu. Akasema kadi hiyo, hata ijikamue vipi, haitoi zaidi ya picha sitini kwa sekunde, kwa hiyo monita ya hezi sabini na tano, yaani ya kuonyesha picha sabini na tano kwa sekunde, inanitosha kabisa. Ya mia mbili na arobaini itakaa tu ikisubiri picha zisizokuja. Bora nibadili kadi kwanza.
Nani kamwuliza? Nilikwenda kununua, sikwenda kuhukumiwa. Nikabeba ya mia mbili na arobaini mbele ya macho yake, nikaondoka bila kuaga.

Jumatano, 6 Machi
Monita imeziba nusu ya dirisha. Mke wangu kauliza mbona gari bado linakwenda kwa kushtukashtuka. Nikamweleza kwamba monita mpya lazima kwanza iizoee nyumba. Akanitazama, akarudi kwenye cherehani yake.
Shemeji naye, kwa kiherehere chake, kasema tuunganishe nguvu: yeye ana kadi kali na kioo kibovu, mimi kinyume chake, basi tutumie mashine moja kwa zamu. Anataka kuniibia monita kiujanja. Nikamkatalia kavukavu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepata dawa. Nimeshusha ubora wa picha mpaka chini kabisa ili kadi ipumue. Sasa inakimbia kweli. Ila miti haina majani, na barabara na ukuta vyote vina rangi ya uji. Si kitu. Dereva hodari hahitaji majani.

Jumamosi, 9 Machi
Niliingia ukutani. Nikajinasua, nikaingia ukuta mwingine, nikidhani ni njia ya mkato. Shemeji alimaliza mbio, akainuka, akajimiminia maji, akarudi kunikuta bado naitafuta kona ya kwanza. Mke wangu alicheka mpaka akaacha kushona. Kicheko cha shemeji naweza kukimeza. Cha mke wangu kimenikaba.
Nimehamia stoo, mimi na monita, kati ya ngazi na makopo ya rangi.

Jumatatu, 11 Machi
Shemeji kaja stoo na kiboksi. Kajinunulia kadi mpya, ile yake ya zamani ananipa bure. Kasema itaendana na monita yangu sawasawa, na Jumamosi tuishindanie meza upya. Alisema kwa upole, kama anayemwuguza mgonjwa. Yaani mimi, mume wa dada yake, mwenye nyumba, ndiye wa kuonewa huruma!
Nikapokea kwa adabu. Alipotoka tu, nikaipeleka dukani pamoja na monita, nikabadilishana. Fundi kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimerudi na ya hezi mia tatu na sitini. Jumamosi watanitambua.