Kuhusu Mama Aliyeniuzia Nyumba Akabaki na Paa

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Wakazi wa Mlimani.

Pokea salamu zangu pamoja na heshima zote. Natumaini barua hii imekukuta mzima na umeketi, kwa sababu si ya kusomwa wima.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Miezi mitano iliyopita, mimi na mke wangu tulinunua nyumba ya mwisho, pale barabara inapoishiwa pumzi. Kilichotuvutia ni paneli nane za sola juu ya paa, maana nguzo za umeme bado hazijapanda huku. Aliyetuuzia ni mjane, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Sindano. Alihamia nyumba ndogo ng'ambo ya bonde kwa sababu, kama alivyotueleza, magoti yake yamechoka na mwinuko. Tulitia saini mbele yako. Nilidhani nimenunua nyumba pamoja na paa lake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila asubuhi, kabla sijamaliza kupiga mswaki, nasikia ngazi ikigonga ukuta. Ni yeye. Magoti yaliyochoka na mwinuko yanaupanda kila siku, kisha yanapanda na ngazi. Anazipangusa paneli kwa kitambaa laini, moja moja, huku akizisemesha. Mara tatu nimetoka nje nikiwa nimekasirika kwelikweli. Lakini ni mkubwa kwangu, sina budi kuanza na shikamoo. Na mtu akishakuitikia, "Marahaba mwanangu, mmeamkaje?" akiwa juu ya paa lako, hasira inakosa pa kukaa.

2. Akirudi kwake ndiyo kwanza kazi inaanza. Dirisha lake linatazama paa langu moja kwa moja, naye hukaa hapo na cherehani yake. Simu inalia: "Mwanangu, wingu hilo linashuka. Mwambie mkeo azime pasi, betri zitaisha." Pasi inazimwa papo hapo, hata kama shati langu limenyooshwa mkono mmoja. Ndivyo nilivyokuja kwenye kikao chako cha mwezi uliopita. Wewe mwenyewe uliniuliza kama nyumbani kwema.

3. Mke wangu amevuka mstari. Siku hizi anampigia Mama simu yeye mwenyewe, eti kuuliza kama leo anaweza kuwasha mashine ya kufulia. Mimi niliyepima mabonde na vilele kwa miaka thelathini na miwili nikisema leo kutakuwa na jua, ananijibu, "Ngoja kwanza tumsikie Mama." Siku moja nilisema jua litawaka, na likawaka. Hakuna aliyenipongeza.

4. Nilichukua hatua. Niliificha ngazi nyuma ya tangi la maji. Kesho yake Mama Sindano alikuja na ngazi nyingine, imebebwa na kinyozi na mwashi, wote wawili wakihema. Kinyozi akanitazama juu mpaka chini akaniuliza kwa upole, "Mzee, wewe ndiye mpangaji mpya?" Mpangaji! Na hati ya nyumba ninayo kabatini.

5. Hili ndilo zito kuliko yote. Juzi nilijikaza nikamuuliza waziwazi: Mama, kwani hukuuza? Alishuka, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, akakikunja kile kitambaa mara nne. Akasema, "Mwanangu, marehemu alizifunga hizi kwa mikono yake, mvua inamnyeshea. Saba alifunga yeye. Ya nane nguvu zilimwishia, nikapanda mimi, yeye amenishikia ngazi huku anakohoa." Kisha akaniomba maji ya kunywa.

Nalalamika rasmi, Ndugu Mwenyekiti, kwamba jambo hili halimo kwenye mkataba. Mkataba umetaja ufa wa ukuta wa jikoni na bomba linalovuja. Mnunuzi ana haki ya kujua kilichopo juu ya kichwa chake kabla hajatia saini. Tangu siku hiyo siwezi hata kumkunjia uso, na mtu asiyeweza kumkunjia uso anayemwingilia uani hana nyumba, ana kibanda cha kujikingia mvua.

Kwa hiyo naiomba Kamati yako iamuru dirisha la Mama Sindano lizibwe kwa matofali. Likishindikana hilo, nyumba yake igeuzwe itazame upande mwingine. Na hilo nalo likishindikana, kiinuliwe kilima kati yetu, chenye kimo cha mita kumi na nne. Michoro nimeiambatanisha. Udongo wa kutosha upo, nimeupima.

Nifikishie salamu kwa familia yako, kwa katibu, kwa wajumbe wote, na hata kwa kinyozi.

Wako katika ujenzi wa mtaa,
Mwenye nyumba ya mwisho (kwa mujibu wa hati).

Tanbihi: Barua ilikuwa tayari ndani ya bahasha. Leo asubuhi sikusikia ngazi. Nilipiga mswaki mpaka ufizi ukauma. Saa mbili wingu likafunika paa na simu haikulia, na mke wangu akawa ananitazama tu. Niliteremka bondeni mbio. Nilimkuta Mama sakafuni jikoni kwake, kifundo cha mguu kimevimba kama boga, hawezi kuinuka tangu alfajiri. Akaniambia, "Mwanangu, umekuja na kandambili kwenye umande wote huu?" Nilimbeba mgongoni. Si mzito. Muuguzi wa zahanati anasema ni wiki sita, na asiachwe peke yake. Chumba chetu cha nyuma kiko wazi, na mke wangu ameshatandika.

Basi naiomba Kamati iyaweke kando maombi yangu yote, michoro ichanwe, na badala yake tupatiwe watu wanne wenye nguvu siku ya Jumamosi waje kubeba cherehani.

Maneno haya nayaandika nikiwa juu ya paa na kitambaa mkononi. Yeye yuko uani, kwenye kiti, mguu juu ya ndoo, ananisimamia. Anasema kona ya kushoto nimeiacha na vumbi. Nimeiangalia. Ina vumbi.